Moshi wa Arobaini

Mama yangu anaamini Nairobi haina hewa. Hasemi hewa yake ni chafu, la, anasema haipo. Kila akija Eastleigh kututembelea, akifika orofa ya tatu anashika ukuta, anavuta pumzi mara mbili tatu, kisha anatoa hukumu: "Nyinyi mnaishi mawinguni." Kwake ni Garissa, mita kama 150 tu kutoka usawa wa bahari, mji ambao joto likishuka chini ya nyuzi 30 mchana watu wanaanza kutafuta sweta.

Tulikuwa tunamcheka. Kisha dada yangu akaja Nairobi kujifungua kifunguamimba wake, na kicheko kikatuishia.

Alikuja na basi, tumbo la miezi saba. Mnajua ile safari: daraja la Tana, shuka uonyeshe kipande, panda tena, Mwingi, Matuu, Thika. Ni kilomita 370 hivi, na ndani ya hizo saa chache unapanda zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu bila mtu kukuambia. Wiki ya kwanza ngazi zilimshinda. Alikuwa anakaa kwenye kidato katikati, mkono kifuani, akisema moyo unamdunda masikioni. Hooyo, kwa simu kutoka Garissa: "Si niliwaambia?"

Kliniki walimpima damu, himoglobini ikasoma 11.2. Garissa alikuwa ameambiwa kwamba mjamzito akiwa juu ya 11 yuko sawa. Nesi wa Nairobi alitazama ile namba akamwandikia vidonge vya madini ya chuma. Mimi nikadhani kuna mtu amekosea, nikaenda kusoma. Kumbe namba moja inaweza kuwa na maana mbili. Ukiishi juu, kila pumzi inakuletea oksijeni kidogo, kwa hiyo mwili unatengeneza damu zaidi kufidia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupunguza kitu kwenye kipimo cha mtu wa nyanda za juu kabla ya kusema ana damu ya kutosha. Kwenye jedwali lililotumika kwa miaka mingi, wa mita 1,500 anapunguziwa 0.5, wa mita 2,000 anapunguziwa 0.8. Nairobi iko hapo katikati. 11.2 ya dada yangu ikisomwa hivyo inaanguka chini ya mstari. Na kwa vile alikuwa mgeni, mwili wake haukuwa hata umepata nafasi ya kujipanga.

Kwa hiyo hooyo hakuwa anaropoka. Ukiwa Nairobi, pumzi moja ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Watafiti wameliona hili kwa watoto wa milima ya Andes na Colorado: kwa wastani, kila mita 1,000 za kupanda zinamla mtoto mchanga kama gramu 100 za uzito. Watibeti, ambao mababu zao wameishi juu kwa maelfu ya miaka, hawapotezi kiasi hicho. Miili yao imezoea. Sisi ni watu wa tambarare. Lakini pia Nairobi si La Paz, ambayo iko zaidi ya mita 3,600. Nairobi ni kilima tu. Hilo nililijua, na nikaliweka akiba ya kumjibu hooyo siku moja.

Mtoto alizaliwa Julai, kilo 2.7, mvulana mwenye sauti ya karani wa matatu. Siku ya tatu hooyo akashuka kwenye basi na mizigo. Maziwa ya ngamia kwenye mtungi wa plastiki, manemane, uunsi wa kutosha msimu mzima wa harusi aliounua Soko Mugdi, na dabqaad ya udongo aliyoiviringisha ndani ya dirac ili isivunjike. Arobaini imeanza.

Kwa asiyejua: kwetu mzazi na mtoto hukaa ndani siku arobaini. Hapiki, hafui, hatoki. Wanawake wanakuja, wanamkanda, wanamlisha supu na nyama. Na anafukizwa. Makaa mekundu yanawekwa kwenye dabqaad, uunsi unanyunyizwa juu, moshi mtamu unapanda chini ya nguo zake, kwenye nywele, kwenye shuka, na mtoto anapitishwa juu yake kidogo, kulia na kushoto. Ni kitu kizuri. Sitaki mtu asome hapa akidhani naandika kuhusu ujinga. Nikinusa uunsi popote duniani, nitageuka kumtafuta mama yangu.

Lakini chumba kilikuwa kidogo, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, na Julai ya Nairobi mnaijua. Hooyo alikataa dirisha lisifunguliwe, upepo unamwingia mzazi kwenye mifupa. Jiko la mkaa likaletwa ndani kupasha joto. Mkaa niliununua mimi, debe mbili kila baada ya siku chache, nikabishana na muuzaji aniongezee.

Siku ya kumi na tisa mtoto alikataa kunyonya. Kifua kilikuwa kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta hewa. Hospitalini walimbana kidole cha mguu kwa kile kifaa chenye taa nyekundu, namba ikasoma 86. Chini ya 90 hawakuulizi maswali, wanaweka oksijeni kwanza. Nimonia. Nesi mmoja aliinama kumrekebishia dada yangu shuka, akasita kidogo karibu na shaash yake, akanusa. Akauliza polepole, "Nyumbani mnatumia nini kupikia?"

Hakuna aliyejibu. Kisha hooyo akasema, "Ni huku juu. Watoto wetu hawawezi huku juu." Mimi nikatazama sakafu. Nilikuwa nimeshasoma ya kutosha kujua, na nikanyamaza.

Nilichokuwa nimesoma ni hiki. Tunauamini mkaa kwa sababu hautoi moshi unaoonekana kama kuni. Lakini makaa mekundu ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo inaikamata himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inachukua kiti, oksijeni inabaki imesimama. Mjamzito akiivuta inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na damu ya mtoto aliye tumboni inaishikilia zaidi kuliko ya mamake. Sasa weka hilo juu ya urefu wa Nairobi. Urefu unakupunguzia oksijeni mlangoni, mkaa unaiba ile kidogo iliyoingia. Halafu kuna zile chembe ndogo kabisa zinazoshuka hadi ndani ya mapafu. Shirika la Afya linataka wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Chumba kinachopikiwa kuni au mkaa kinafika mamia. Nimonia inaletwa na vijidudu, sikatai, na huenda mtoto angeipata hata tungekuwa tunapikia gesi. Lakini pafu lililochokozwa na moshi ni nyumba isiyo na mlango.

Alipona. Siku nane hospitalini, akarudi na ile sauti yake ya karani. Habari ikabaki kwenye ukoo kama hadithi ya Nairobi na hewa yake isiyokuwepo. Sikuisahihisha.

Mwaka jana dada yangu alipata mtoto wa pili, safari hii Garissa. Nikachukua likizo nikateremka. Hooyo alinipokea akiwa mshindi: "Huku kuna hewa." Kweli ipo. Huku urefu haukuwa na kesi ya kujibu. Lakini kabla ya alfajiri nilikuwa nimeshaamka kwa kikohozi, kwa sababu jikoni ni kibanda cha mabati kilichoshikana na chumba cha mzazi, na anjera ya familia nzima inapikwa humo kwa kuni na mkaa wa mathenge. Jioni jirani anachoma takataka. Na usiku, dabqaad.

Nilimsomea hooyo takwimu kutoka kwenye simu: mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Akauliza, "Na hao, mama zao waliwafukizia?"

Sikuwa na jibu, na nadhani nilianza kumwelewa hapo. Hooyo alikulia kwenye ngamia. Kwa wafugaji chombo cha maziwa husafishwa kwa kijiti kinachowaka, ndiyo maana maziwa yana ile ladha, na ndiyo maana hayaharibiki haraka. Moshi ni usafi. Moshi unafukuza mbu, na mtu wa Garissa hahitaji kuambiwa kuhusu mbu: mafuriko ya 1997, kisha ya 2006, homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu huku huku. Hooyo alizaa saba, tuko watano. Hao wawili hawatajwi nyumbani. Najua tu kwamba walikwenda wakiwa wachanga, porini, mbali na hospitali yoyote, na kwamba baada yao hakuruhusu tena mzazi wa nyumba yake kukaa bila moto karibu.

Nilikuwa nimenunua kile kifaa cha kubana kidole, cha kwangu. Hooyo alikipenda mno. Alimpima kila mgeni. Usiku mmoja, moshi ukiwa umejaa chumbani hadi taa ina ukungu, alimbana dada yangu kidole akanigeuzia namba. "Umeona? Tisini na nane." Nami najua, kwa bahati mbaya, kwamba kifaa cha aina ile hakitofautishi. Himoglobini iliyoshikwa na kaboni monoksidi kinaiona kama iliyobeba oksijeni, kinaandika tisini na nane na kutabasamu. Sasa hilo unamwelezaje mama ambaye kwa mara ya kwanza amekubali mashine yako?

Aliyelimaliza ni dada yangu. Alikuwa amelala akitazama ukuta, na sote tulikuwa tunabishana juu ya kichwa chake kama kawaida. Akasema kwa Kisomali, bila kugeuka, "Hooyo, kila ukiileta hiyo kichwa kinaniuma. Na Nairobi pia kilikuwa kinaniuma."

Kimya. Katika siku zile zote na vitabu vyangu vyote, mimi sikuwa nimemuuliza.

Hooyo alichukua dabqaad akatoka nayo. Nikadhani amekasirika. Nilipochungulia alikuwa barazani, ameketi kwenye jamvi, shaash na dirac ya dada yangu ameitanda juu ya kiti, dabqaad chini yake, anafukiza nguo peke yake gizani. Zilipopoa akaziingiza ndani akamvisha mwanawe. Chumba kikanukia vile vile.

Msidhani ndiyo imekwisha. Kesho yake jioni habaryar alikuja na wageni sita, dabqaad ikarudi ndani, dirisha likafungwa, nikalifungua, likafungwa tena na mkono nisiouona. Jikoni bado ni kile kibanda. Bei ya kujaza mtungi wa gesi dada yangu anaijua kwa kichwa, anaisema kama mtu anayesema bei ya gari.

Wageni walipoondoka nililala sakafuni karibu na kitanda. Mtoto wa chini ya miezi miwili akivuta pumzi 60 au zaidi kwa dakika, unamkimbiza hospitali. Niliweka simu kifuani ihesabu sekunde, nikatazama kile kitumbo kikipanda na kushuka. Arobaini na nne. Hooyo, niliyedhani amelala, akauliza kutoka gizani, "Ngapi?"

Nikamwambia.

"Hesabu tena," akasema.