Bwana Msa Alipofika Mollo

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la saba hapa Mollo, kijiji chetu cha Ufipa. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mwenyeji wa Pangani, alikuwa na nakala moja tu ya Mzimu wa Watu wa Kale, imeshatoka jalada, na kila Ijumaa baada ya kazi za shamba la shule alitusomea kipande.

Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda kwa hadithi hiyo shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58, ikachapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, penye matambiko, na watu wanalo jibu tayari. Ndipo anapoingia mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, yeye na swahiba wake Najum, na kuanza kuuliza.

Sisi Wafipa hatukuhitaji kuelezwa mzimu ni nini. Kilichotutatiza ni bahari. Tuliishi juu sana ya usawa wake, tukitetemeka kwa upepo wa Juni, na kila ilipotokea tashbihi ya kipwani mwalimu aliweka kitabu chini, akachora ubaoni ngalawa au mnazi, kisha akaendelea.

Lakini uhondo wenyewe ulikuwa kwenye daftari. Alituagiza tugawe ukurasa mara mbili: upande mmoja yaliyosemwa, upande wa pili yaliyoonekana. Mtu akisema mizimu imemchukua marehemu, andika kushoto. Kulia andika maiti ilikuwa wapi, na nani aliiona kwanza. Kushoto kulijaa upesi, kulia tukabaki tunakuna vichwa. Alitwambia kwamba katika hadithi ya upelelezi lugha ya picha ni pazia: msomaji hulitazama kwa uzuri wake, na mwuaji yuko nyuma yake. Bwana Msa halichani pazia hilo. Anauliza nani amelitundika.

Hapo ndipo ninapowapinga wanaokisoma kitabu kile kama karipio kwa wanaoamini mizimu. Maneno ya watu yanabaki na uzito wake, kwa sababu yanaonyesha wanamwogopa nani, wanamshuku nani, na uvumi ukienea unamfaa nani. Nilipokuja kusoma Kisima cha Giningi, cha mwandishi huyohuyo, cha 1968, nikakutana na Giningi, ambako masimulizi ya visiwani yanaweka baraza la wachawi, nilikuwa nimekwisha kuchukua kalamu nigawe ukurasa.

Msimu wa mvua wa mwaka ule wa 1979 radi iliua ng'ombe wawili wa kulimia. Kijiji kizima kikasema imetumwa, na jina la jirani mmoja likaanza kutajwa kwa sauti ya chini. Jioni moja mzee wa ukoo ulioumia alimfuata mwalimu shuleni, akamwambia, "Mwalimu, radi ya huku haipelelezwi."

"Sawa, mzee wangu," mwalimu akajibu. "Poleni sana. Ng'ombe walikuwa wamesimama wapi?"

Walikuwa chini ya mti, juu ya mwinuko, bado wamefungwa nira, na mnyororo wa chuma wa plau ukiwa nyuma yao. Mzee aliyasema yote hayo mwenyewe, taratibu, na sisi watoto tukisikia. Hakusema kwamba radi haikutumwa, wala mwalimu hakumtaka aseme. Lakini jirani yule hakuhama Mollo, na wanawe niliendelea kusoma nao.

Baadaye nilikuwa karani katika mahakama ya mwanzo. Mashahidi walikuja na maneno mazito: fulani amemla mwanawe, fulani anatembea usiku. Niliyaandika kama yalivyotamkwa, kwa kuwa ndiyo ushahidi wa hofu yao. Hakimu alipoishia hapo, mmoja wa wazee wa baraza, niliyesoma naye darasa lile, aliomba ruhusa ya kuuliza swali, na mara zote lilikuwa lilelile: "Ndugu shahidi, wewe ulikuwa umesimama wapi, na uliona nini?"