Swali la Wiki ya Sita

Siku ya kliniki mtoto ndiye wa kwanza. Ananing'inizwa kwenye mzani, uzito wake unaandikwa kwenye kadi, anachomwa sindano za wiki ya sita, analia, ananyonyeshwa. Mama anaambiwa, "Mtoto anaendelea vizuri," anambeba mgongoni, anaondoka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilianzia kazi Masasi, kisha nikapanda Newala, na kote huko nimejifunza kumuuliza mama kabla hajafika mlangoni: "Ukikohoa, ukipiga chafya au ukinyanyua ndoo, mkojo hukutoka?"

Wengi huinamisha macho. Mmoja, mwenye watoto watatu, alinijibu kwa sauti ya chini: "Dada, si ndiyo uzazi wenyewe?" Tangu mtoto wa pili alikuwa akivaa kanga mbili ndani ya gauni, na ngomani hakwenda tena kwa kuogopa harufu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kuvuja mkojo baada ya kujifungua huwapata wanawake wengi, lakini si jambo la kuzoea. Kuna tiba, na kwa walio wengi haihitaji kisu wala dawa.

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandikwa kama kamba za kitanda, kutoka kwenye kinena hadi kwenye kifandugu. Ndiyo inayobeba kibofu, mfuko wa uzazi na utumbo mpana. Mimba huielemea kwa miezi, mtoto akipita huivuta, na pengine huichana. Ikifanyishwa kazi, hurudisha nguvu kama misuli ya mkono. Namwelekeza mama: kaza kama unayezuia upepo usikutoke mbele ya wakwe. Usibane makalio, usizuie pumzi. Shikilia sekunde chache, ukizoea ufike 10, legeza kabisa, rudia mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3.

Mwanzoni nilikuwa nawapa karatasi yenye picha ya mwanamke aliyelala chali kitandani. Walirudi hawajafanya, nami nikawaona wazembe. Nilikosea. Mwanamke wa huku atalala chali mchana saa ngapi? Mchanga wa uwanda wa Makonde hunywa mvua yote, na huku juu hakuna mto. Wazee wetu waliyafuata maji mabondeni, na hata leo bomba likikauka ndoo hurudi kichwani. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ukiingia msimu wa korosho, ni kuinama chini ya mikorosho kutwa nzima.

Basi mazoezi nikayatoa kitandani, nikayaingiza katika kazi zake. Akinyonyesha, anakaza na kulegeza. Akitaka kuinua kitu, anakaza kwanza, anatoa pumzi, ndipo anainua. Aliyejifungua kwa upasuaji namfundisha kugeukia ubavu kabla ya kuamka, na kukandamiza kanga iliyokunjwa juu ya kidonda anapokohoa. Wiki sita za mwanzo asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake, na hili nawaambia mume na mama mkwe, kwa sababu ndoo haijitui yenyewe.

Mama mkwe ndiye pia mwenye kauli juu ya kanga ya kufunga tumbo, ile ambayo watu wa pwani huiita mkaja. Zamani niliwaamuru waiondoe. Siku hizi namwomba bibi anionyeshe anavyoifunga. Ikishika nyonga na tumbo la chini kwa kiasi, humsaidia mama kusimama na kutembea. Ikikazwa juu hadi pumzi inakuwa ya shida, uzito wote husukumwa chini, kwenye misuli ileile iliyochoka.

Lakini mama anayevuja mchana na usiku bila hata kukohoa, hasa aliyekaa na uchungu muda mrefu, simpi mazoezi nikamwacha aende. Hiyo yaweza kuwa fistula, na fistula hutibiwa kwa upasuaji, kama ule unaofanywa hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Huyo napigania apate rufaa siku hiyohiyo.

Yule wa kanga mbili alirudi kwa chanjo ya wiki ya 14. Alikuwa amebaki na kanga moja, na chafya haikumtisha tena. Mama mkwe wake alikaa pembeni mpaka tulipomaliza, kisha akanisogelea: "Na mimi, mwanangu? Yangu yameanza kabla mume wa huyu hajaota meno."

Nilimvutia kiti, tukaanza. Misuli ya bibi nayo hufundishika. Ndugu wauguzi, mkishamshusha mtoto kutoka kwenye mzani, mgeukieni mama na kumuuliza. Miaka yote hiyo bibi huyu alikuwa anapita mbele yetu.