Kompyuta Haikatai

Ukitunga wimbo mbaya Singida, hutaambiwa. Utapewa mkono, utaambiwa hongera, na mlezi wa kwaya akiwepo ataongeza kwamba Mungu aendelee kukutumia. Nimefundisha kwaya hapa mjini sehemu kubwa ya maisha yangu, na hongera hizo nazijua vizuri. Ni adabu, na adabu ni kitu chema, ila sijaona hongera iliyomsaidia mtu kurekebisha besi.

Kwenye kwaya hasara yake si kubwa, kwa sababu huko wimbo mbaya hujisema wenyewe. Mtunzi akiwapandisha soprano kupita kiasi, jioni ya mazoezi atawaona wanakodolea karatasi macho huku sauti zikipungua moja moja. Akiwaandikia watu wa sauti ya tatu mstari mrefu usio na pa kuvutia pumzi, watakohoa. Akiweka noti ndefu kwenye "na" ya "Bwana", neno ambalo sote tunalikazia mwanzoni, kina mama wa sauti ya pili watalirudisha mahali pake bila hata kuomba ruhusa. Hakuna aliyemvunjia heshima, na bado mtunzi anarudi nyumbani anajua kazi iliharibikia wapi. Waimbaji wamekataa kwa miili yao, na mwili wa mwimbaji haujui kusema uongo.

Siku hizi wamezuka watunzi ambao hawana waimbaji wa kuwakatalia. Kijana mmoja aliyewahi kuimba sauti ya tatu kwetu, ambaye sasa anatengeneza simu karibu na stendi, anatunga okestra nzima peke yake, usiku, kwenye laptopu ya mtumba. Utotoni alikuwa anakwenda kwenye mabanda ya gemu, na anasema wenzake walipokuwa wanagombania zamu ya kucheza, yeye alikuwa anagombania kukaa karibu na spika. Anayo fidla, selo, tarumbeta, filimbi, matoazi na ngoma kubwa, vyote vikiwa sauti ndani ya programu. Selo hajawahi kuiona kwa macho. Muziki wake ni wa gemu ambalo halipo: shujaa anavuka yale majabali makubwa ya Singida usiku, upande mmoja ziwa la chumvi, upande mwingine maadui.

Wazee wa kwaya wakisikia habari za muziki wa gemu huguna. Nami huwakumbusha kwamba wimbo wa Kiswahili uliosikika mbali kuliko nyimbo zetu nyingi ulitungwa kwa ajili ya gemu. "Baba Yetu" ya Christopher Tin, Mmarekani, iliandikwa kwa ajili ya Civilization IV, gemu la kompyuta lililotoka mwaka 2005. Maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na walioiimba kwanza ni Talisman, kikundi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Baadaye Tin aliirekodi upya pamoja na Soweto Gospel Choir kwenye albamu ya mwaka 2009, na Februari 2011 ikawa kazi ya kwanza iliyotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo ya Grammy. Basi tusigune sana. Wanafunzi wa chuo waliimba sala yetu kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, nasi tukaja kuipokea baadaye kama mgeni anayeongea lugha ya nyumbani.

Kuna jambo jingine katika historia ya muziki huu ambalo limenifikirisha zaidi ya tuzo. Koji Kondo alipotunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, mashine ya Nintendo aliyokuwa anaitungia ilikuwa na njia tano tu za sauti, na zilizofaa kubeba wimbo wenyewe zilikuwa tatu. Ukitaka sauti ya nne, mashine inakataa. Kila noti ilibidi ipiganie nafasi yake, na pengine ndiyo maana hata asiyejua jina la mtunzi anaweza kuipiga mluzi ile tuni. Miaka miwili baadaye muziki wa Dragon Quest, wa Koichi Sugiyama, ulipigwa jukwaani Tokyo kwa ala halisi, na tangu hapo muziki wa gemu na okestra vimeoana.

Mashine ya Kondo ilikataa. Kwaya yangu inakataa. Laptopu ya kijana wetu haikatai kitu. Ukiiambia filimbi ipulize dakika nzima bila kupumua, inapuliza. Ukiwaambia wapiga fidla mia mbili wapige kwa nguvu kuanzia mwanzo hadi mwisho, mkono hauwaumi. Mtu anayefanya kazi na chombo cha namna hiyo, kisha akazungukwa na watu wa hongera, anaweza kuzeeka bila kujua anachokosea. Hapo ndipo msikilizaji anapopewa kazi ambayo zamani ilifanywa na pumzi, vidole na midomo ya watu: kukataa, na kukataa mahali mahususi.

Alinijia jioni moja. "Shikamoo mwalimu. Naomba unisikilizie kazi yangu, na usinionee huruma." Tukakaa nje, spika za masikioni tukagawana, sikio moja mimi, moja yeye. Niliisikiliza ikaisha, nikaomba irudie, na ikaisha tena kabla sijafungua mdomo. Ukisema baada ya kusikia mara moja, unasema ulichokizoea. Ya pili ndiyo unaanza kusikia alichokiandika.

Swali langu la kwanza lilikuwa kazi ya muziki huu ni nini.

"Ni wa vita, mwalimu. Unazunguka mpaka mchezaji ashinde au afe."

Jibu hilo lilibadilisha kila kitu. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa ameshamwambia kwamba wimbo hauna mwisho, na kijana alikuwa amehangaika kuutafutia mwisho ambao haukutakiwa. Muziki wa kuzunguka hauhitaji amina. Unahitaji mshono mzuri pale mwisho unapoungana na mwanzo, na mshono wake ulikuwa na kasoro: matoazi yaligongwa kwenye pigo la mwisho, na kabla mwangwi wake haujafa wimbo ukarudi mwanzo na kuukata. Nilimwambia asikilize hapo tu, sekunde mbili za mwisho na mbili za mwanzo. Alisikiliza, akakunja uso, akairudia mwenyewe bila kuambiwa. Sikuhitaji kuongeza neno.

Kwenye filimbi sikumweleza chochote. Nilimwambia aimbe mstari wake kwa "la la la" kwa pumzi moja, kwa mwendo uleule. Alifika katikati, akaishiwa, akacheka. Mtu akigundua kosa kwa kifua chake mwenyewe hana wa kubishana naye.

Sehemu ngumu ilikuwa chini. Selo, besi kubwa, tromboni na mkono wa kushoto wa piano vyote alivibana kwenye eneo moja la chini, sauti tatu tatu zikiwa zimekaribiana, na kilichotoka kilikuwa ngurumo tu, huwezi kusema wimbo umehamia wapi. Aliamini dawa ni kuongeza sauti. Nikamweleza kwamba kila noti hubeba noti nyingine ndogo juu yake, na zikiwa chini sana na zimebanana, hizo ndogo zinagombana. Chini panataka nafasi. Nikamtuma kwa jirani zetu Wagogo, ambao wapo humu humu mkoani, Manyoni. Awasikilize wanavyoimba, sauti zikiachana kwa noti nne na kwa noti tano, na nafasi ile ya katikati inavyoufanya wimbo uwe mkubwa bila kelele. Ana rekodi za Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyezungusha ala za kwao, zeze na ilimba, duniani mpaka alipofariki mwaka 2003, lakini alikuwa anazisikiliza kama utamaduni, si kama somo la upangaji wa sauti. Nadhani hapo ndipo shule na kwaya zetu zilipotuchelewesha: tumezoea kwamba mpangilio wa sauti unatoka kwenye kitabu cha wamisionari, na cha kwetu ni cha kuchezea kwenye sherehe.

Nilimwambia mambo hayo matatu, nikaacha mengine. Ngoma zake zilinichosha, maana hazipumziki, ila nilipozitaja nilimwambia wazi kwamba hiyo ni ladha yangu. Ameziacha zilivyo. Ni haki yake. Mshono uliokatika ni kasoro hata kwa anayeupenda wimbo. Ngoma nyingi ni kasoro kwangu tu, mtu wa kinanda na zaburi. Asiyetenganisha hayo mawili humgeuza kijana kuwa nakala yake, kisha analalamika kwamba vijana hawana ubunifu.

Suala la umri nalo lipo, na huku kwetu ni zito. Mtu aliyekuamkia shikamoo hawezi kukubishia dakika tano baadaye. Ukisema "ondoa tarumbeta", ataziondoa, hata kama moyoni anajua ndizo zilizobeba wimbo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya niliyotaka kusema niliigeuza maswali: hapa tarumbeta zinamwambia nini mchezaji? Ukizinyamazisha kidogo kabla ya hapo, zikirudi itakuwaje? Akijibu swali, jibu ni lake, na heshima yangu haijamkaba koo. Tena nilihakikisha tuko wawili. Kuna walimu wanaomsimamisha mtunzi mbele ya kwaya nzima na kumchambua, wakiita huko kumkomaza. Wengi niliowaona wakikomazwa hivyo waliacha kutunga.

Singida ni mkoa wa alizeti, na mwenye mashine ya kukamua ananifundisha kukosoa zaidi kuliko vitabu vya muziki. Mkulima akishusha magunia, yule jamaa hasemi mbegu zako mbaya, wala hasemi hongera kwa mavuno. Anazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa konzi, anazibonyeza, anasema gunia hili bado lina unyevu, lianikwe jua la siku mbili, yale mengine tukamue. Mkulima anajua ni gunia gani, lina nini, afanye nini, na kwamba mengine yako sawa. Hakuna aliyejadili tabia yake.

Linganisha na ripoti za shule tulizopelekewa sote nyumbani: "Ongeza bidii." "Anaweza kufanya vizuri zaidi." Mtoto anazisoma, baba anazisoma, na hakuna kati yao anayejua Jumatatu asubuhi waanze na nini. Kazini ni hivyohivyo, mkuu anaandika "utendaji wa wastani" na kusaini. Kwenye ndoa watu wanaishi miaka wakiambizana "hakuna tatizo", kisha siku moja yanamwagika yote mbele ya wasimamizi, ya juzi na ya harusini. Tunaogopa kutaja sekunde mbili zilizoharibika, tunazilimbikiza mpaka tunalazimika kulaumu wimbo mzima. Kwangu mimi sifa ya jumla na lawama ya jumla ni ndugu: wote wawili hawakusikiliza.

Hata hivyo msikilizaji ana mpaka wake. Mimi ni mtu wa sauti na kinanda. Sijui kidole cha mpiga fidla kinaumia wapi. Kwa upande wa tarumbeta tulibahatika, maana matarumbeta ya harusi yapo. Kijana alimpelekea mpigaji mmoja mistari yake. Yule bwana akaipuliza, akafika theluthi, akashusha chombo na kufuta midomo. "Dogo, hapa umeua mtu. Midomo lazima ipumzike." Akamwonyesha pa kuweka vituo. Ule mstari uliorudi kutoka kwa mpiga tarumbeta wa harusi ulikuwa bora kuliko nilioupitisha mimi, na una vituo ambavyo hakuna programu ingemshauri aviweke.

Ndiyo sababu nawaheshimu sana wale wa Kinshasa. Okestra ya kanisa la Wakimbanguisti, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na watu wasio wanamuziki wa kazi, ala chache za kupokezana, na uzi wa fidla ukikatika walikuwa wakifunga waya wa breki ya baiskeli. Kwa masharti hayo huwezi kujidanganya. Noti uliyoiandika ipo mikononi mwa mtu aliyetoka kazini, amechoka, na ikishindikana utaisikia ikishindikana. Kule Korogocho, Nairobi, Ghetto Classics wamekuwa wakiwapa watoto ala halisi tangu mwaka 2008. Sisi huku hatuna okestra, na sioni dalili ya kuwa nayo karibuni. Tunachoweza kuwa nacho ni mpigaji mmoja mmoja anayekubali kuketi na mtunzi na kumwonyesha panapokataa.

Fidla ndiyo hatujampata mpigaji. Kama unaipiga, au unamjua padri, sista, mwalimu au mtu wa taarabu anayeipiga na safari zake zinampitisha Singida, tafadhali mwambie zipo kurasa chache zinamngoja hapa, karibu na stendi. Aje na fidla yake na aseme ukweli. Hongera tunazo za kutosha.