Pilipili Mbuzi za Uani Kwetu

Mwaka 2021 mshahara mmoja ulikatika nyumbani kwetu Chamazi, wilaya ya Temeke. Baba watoto alisimamishwa kazi pamoja na wenzake wengi, tukabaki na mshahara wa uuguzi peke yake, na binti mkubwa ndiyo kwanza ameanza chuo. Aliyewahi kuishi hivyo anazijua hesabu za tarehe 20, pale hela ya nauli inapoanza kugombana na hela ya unga.

Tunaposema sisi, tunamaanisha mama wa nyumba na mabinti wawili, maana wanaume wa nyumba hii walianza kwa kucheka.

Kiwanja chetu ni ishirini kwa ishirini kama vya wengi huku. Nyumba imekula sehemu kubwa, banda la kuku limekula yake, kikabaki kipande cha kichanga nyuma ya jiko. Mchicha tulishalima. Lakini majirani watatu nao wana mchicha, mwisho tukawa tunagawiana bure. Mama mmoja tunayetembelea naye wagonjwa siku za Jumapili baada ya ibada ndiye aliyetuambia, "Limeni pilipili mbuzi. Ipo siku pale Temeke Stereo haishikiki kwa bei, na mtu mmoja hawezi kuimaliza nyumbani kwake hata akitaka."

Pilipili mbuzi mnaijua: ile ya duara yenye mikunjo, inayonukia kabla haijauma. Wazungu huiita habanero. Asili yake na ya pilipili zote ni bara la Amerika, na zilifika pwani yetu kwa vyombo vya Wareno, miaka mia tano hivi iliyopita. Ukali wake una kipimo. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani aitwaye Wilbur Scoville alibuni njia ya kuupima, na kipimo kikaitwa kwa jina lake. Hoho ni sifuri. Pilipili kichaa, zile ndogo nyembamba, huwa kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi huanzia 100,000 hivi na kufika 350,000. Huko Marekani wapo wanaoshindania ukali kama watu wanavyoshindania mpira: mwaka 2013 pilipili iitwayo Carolina Reaper iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, nayo ilipita milioni moja na nusu, na mwaka 2023 ikapitwa na Pepper X yenye 2,693,000. Sisi hatuoni mtu atapikia nini kitu kama hicho. Pilipili mbuzi inatosha kuliza ukoo mzima, kama mtakavyosikia.

Mwaka wa kwanza tulivuna aibu. Mbegu tulizitoa katika pilipili za sokoni, na miche mingi ikaanguka ikiwa na majani mawili tu, shingo imeoza kana kwamba imebanwa na uzi. Wakulima wanauita ugonjwa huo kinyausi, na sisi tuliuita wenyewe kwa kumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Iliyopona tukaihamishia kwenye samadi mbichi ya kuku, ikaungua mizizi. Michache iliyobaki tukaihurumia kwa mbolea ya urea. Ikanenepa, ikawa na majani ya kijani ya kupendeza kama mchungwa, na pilipili ikazaa kumi na moja. Tulizihesabu. Baba watoto naye alizihesabu.

Mwaka 2022 tulianza upya, safari hii kwa kuuliza. Mbegu tulinunua duka la pembejeo Mbagala Rangi Tatu, kwa sababu mbegu ya tunda la sokoni, ikiwa limetokana na mbegu chotara, mara nyingi haifanani na mama yake. Tulisia mwishoni mwa Mei katika beseni kuukuu lililotobolewa. Mbegu hii ni nzito kuota. Usikate tamaa siku ya kumi, inaweza kufika hata siku ya ishirini na moja. Kitalu tulikimwagilia asubuhi tu, udongo ukiwa umeanza kukauka juu. Miche ilipofika urefu wa kiganja, katikati ya Julai, tuliihamisha jioni jua likiwa limepoa.

Ndoo tupu za rangi za lita 20 tulizipata kwa mafundi, arobaini kwa jumla, tukazitoboa chini. Ndani tulichanganya udongo, kichanga na samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu ikaoza mpaka haina harufu. Kati ya ndoo na ndoo tuliacha kama sentimita 60, maana mipilipili ikibanana hewa haipiti na magonjwa yanapeana mikono. Juu ya udongo tukatandaza majani makavu. Maua ya kwanza kabisa tuliyakata, na ncha ya kila mche tukaidonoa ili utoe matawi. Binti mdogo alilia alipoona maua yanakatwa. Tukamwambia asubiri Desemba.

Maji ndiyo yalikuwa mtihani. Kisima cha jirani kina chumvi, na kingo za majani zilianza kukauka kama zimepitishwa motoni. Basi tukanunua maji baridi kwa madumu, tukakinga ya mvua, na yale ya kuoshea mchele na mboga hayakumwagwa tena. Mche hunyweshwa shinani, si majani. Kila jioni tulipindua majani kuangalia upande wa chini, maana huko ndiko wanakokaa vidukari na inzi weupe, na inzi mweupe ndiye anayeleta ugonjwa wa majani kujikunja usio na dawa. Mche uliojikunja tuliung'oa bila huruma. Mingine tulipulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulazwa usiku mmoja, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo.

Kuku nao! Tulidhani ukali utawafukuza. Siku moja tulimkuta mtetea anameza pilipili nyekundu moja baada ya nyingine, macho makavu kabisa. Ndege hawausikii ukali huo. Ndiyo maana pilipili za porini husambazwa na ndege. Tukazungushia wavu.

Mwishoni mwa Oktoba tulichuma sado ya kwanza. Novemba, sado tatu kwa wiki. Halafu ikaja Jumamosi moja ya Desemba ambayo tulichuma debe zima na sado mbili juu, na bado matawi yalikuwa yameinama. Tulisimama uani tukacheka wenyewe. Baba watoto alilibeba debe mpaka barazani, akasema, "Haya, nimeshindwa."

Kwa wakati huo tulikuwa na mgeni wa heshima. Wifi, dada mdogo wa baba watoto, alikuja kukaa kwetu na mtoto wake wa miezi minne, mumewe akiwa kikazi mkoani. Pilipili nzima za kuuza tulizitenga na vikonyo vyake, maana ikitolewa kikonyo haikai. Zilizopasuka tuliziweka pembeni tuzikate kwa ajili ya achari. Wifi akavuta kigoda. "Wifi, nipeni na mimi kisu. Nimechoka kukaa kama mgeni."

Tukampa.

Hapa ndipo tunapoona haya hata kuandika. Miaka zaidi ya ishirini tunavaa gauni la kazi, tunasimama kliniki kila wiki kuwafundisha akina mama kunawa mikono, kusafisha titi, kumweka mtoto vizuri. Tulijua kwamba ukali wa pilipili umo zaidi katika ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, na kwamba ukikatwa unatoa kitu cha mafutamafuta, kapsaisini, ambacho maji hayakitoi. Tulijua pia kwamba aliyeshika kisu ananyonyesha. Lakini tulikuwa tunalitazama debe.

Wifi alipomaliza alinawa kwa maji na sabuni kama mtu yeyote msafi. Mikono yake haikumuwasha sana, kwa kuwa ngozi ya kiganja ni nene. Baada ya saa moja mtoto aliamka, akamnyonyesha, akimshikia titi kwa vidole vilevile.

Kilio kile hakikuwa cha njaa wala cha tumbo. Tulikimbia chumbani. Midomo na mashavu ya mtoto yalikuwa mekundu, na alikuwa ameshajifikicha jicho kwa kamkono kake. Wifi mwenyewe alikuwa anaungua kifuani na hajali. Jirani aliyesikia akaja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe, kwa wema kabisa, lakini mtoto wa miezi minne hapewi chochote zaidi ya maziwa ya mama, tukamrudisha. Jicho tulilisafisha kwa maji safi yatiririkayo taratibu, dakika kumi na tano na zaidi, bila mafuta wala dawa yoyote. Midomo na mashavu tulipangusa kwa kitambaa laini chenye mafuta ya nazi, kisha kwa maji na sabuni ya mtoto, tukarudia. Wifi naye hivyohivyo, mafuta kwanza, sabuni baadaye, mikono na kifua, mara tatu. Kisha bodaboda mpaka zahanati, jicho likaangaliwa. Lilikuwa jekundu lakini zima.

Pilipili haichomi nyama kama moto. Inaidanganya mishipa ya fahamu iamini kuna moto. Mwaka 2021 mwanasayansi David Julius alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwenzake, na kapsaisini ndiyo iliyomsaidia kugundua sehemu hiyo ya mishipa inayosikia joto. Tuliyajua hayo tukiwa kwenye benchi la zahanati, na hayakumsaidia mtoto aliyelia mpaka akakauka sauti.

Jioni, mtoto akiwa amelala, wifi alisema neno moja tu. "Wewe ni nesi, wifi. Ulijua."

Mama mkwe alipiga simu kutoka Muheza. "Mjukuu wangu mmemkaanga?" Baba watoto alilichukua lile debe akalitoa nje ya geti, akaliacha pale usiku kucha. Hatukuthubutu kulifuata. Kwa wiki mbili nyumba ilikuwa na salamu za asubuhi na usiku mwema, katikati hakuna kitu.

Tuliomba msamaha mbele ya baba watoto, kwa maneno, bila kusingizia haraka wala uchovu. Wifi alisema amesamehe. Lakini hakuingia tena jikoni wakati sisi tunakata kitu, hata kitunguu.

Tangu siku hiyo pilipili zetu zina sheria, na kliniki tunaisema kila tunapoona mama mwenye bustani. Anayenyonyesha hashiki pilipili iliyokatwa. Anayekata anavaa glovu, na glovu hizo tunanunua duka la dawa kwa hela yetu, maana za hospitali ni za wagonjwa, na mwenye masikio amesikia. Ukikosa glovu, funga mifuko ya nailoni mikononi. Ukishamaliza, jipake mafuta ya kupikia mpaka kwenye kucha, pangusa kwa kitambaa cha kutupa, ndipo unawe kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Kisu, ubao na kanga uliyovaa vina mafuta hayohayo. Mipira ya macho ya kuonea ivaliwe kabla ya kazi hiyo, na usiitoe mpaka uwe na hakika na vidole vyako. Watoto wakae mbali hata na moshi wake, maana pilipili ikikaangwa chumba kizima kinakohoa, na mwenye pumu anaweza kubanwa. Sisi tunaikaangia uani kwenye mkaa.

Biashara iliendelea, ingawa bei ni ya kuyumba. Kuna wiki sado moja ilitupa 12,000, na kuna wiki ambayo kila mtu amechuma tukaambulia 3,000 na kubembeleza. Mama mmoja wa mgahawa alichukua sado nane kwa mkopo na hatukumwona tena. Ndiyo maana sasa nyingi tunasaga na siki, chumvi, karoti na kitunguu saumu, tunajaza chupa zilizochemshwa, hivyo bei ya sokoni haitulizi. Ada ya binti ya mwaka ule wa pili ilitoka humo, karibu nusu yake. Mwaka jana alimaliza chuo.

Ndoo tumepunguza, zimebaki ishirini na nne, zile ambazo mikono yetu mitatu inaweza kuzihudumia bila kuomba msaada wa mgeni. Mbili tumepanda hoho, mbali kidogo, upande wa geti. Jirani anasema zitakuwa kali kwa kukaa karibu na pilipili mbuzi. Hoho ya msimu huu haibadiliki, ila mbegu yake ukiipanda tena ndiyo inaweza kukushangaza.

Wifi sasa anakaa Bunju, upande wa Kinondoni, mwendo wa daladala tatu kutoka kwetu. Mtoto anakimbia na kuongea sana, na jicho lake halina shida yoyote. Mwezi uliopita walikuja Jumapili, wakakaa mpaka jioni. Wifi hakwenda nyuma ya jiko. Lakini walipokuwa wanavaa viatu alimtuma mtoto kwetu na ujumbe: mama anaomba chupa moja ya achari, ifungwe vizuri kwenye mfuko, ataibeba yeye mwenyewe.