Sufuria Moja, Nyama Isiyo na Vipande

Katika nyumba nyingi za hapa kwetu Dodoma nyama huhesabiwa kabla haijaliwa. Mama anapokata kilo moja ya nyama ya ng'ombe anajua tayari vipande ni vingapi na walaji ni wangapi. Cha baba kinajulikana, cha mgeni kinajulikana, na watoto hupewa kwa kufuata umri. Mchuzi tu ndio hauna hesabu, kwa hiyo anayekosa kipande huambiwa achovye.

Sisemi haya kwa kulaumu. Mahali ambapo mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka, na ikikatika mapema uwele hukauka shambani, watu hujifunza kugawa kwa uangalifu. Wazee wetu walisimuliwa na wazazi wao habari za Mtunya, njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, kisha mvua nazo zikakosekana. Familia zilitawanyika, na wako waliopona kwa sababu tu walipokelewa katika nyumba zisizo zao. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo hawawezi kudharau hesabu ya chakula.

Hata hivyo nataka kuandika habari za chakula kimoja ambacho hakihesabiki. Kilinionyesha kwenye sahani jambo ambalo nilikuwa nimelisoma vitabuni nikiwa Makumira, yaani maana ya kula pamoja mbele za Bwana. Chakula chenyewe ni makaroni na nyama ya kusaga, vilivyopikwa pamoja katika sufuria moja.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mitaa yetu imepata majirani wapya. Mmoja wao, mama mtumishi wa umma aliyetoka Dar es Salaam, ndiye aliyemfundisha mke wangu. Yeye hurudi kazini jioni akiwa amechoka, ana jiko moja, na watoto wanasubiri. Chakula kinachoiva chote kwa pamoja kilikuwa msaada kwake, nasi kikawa msaada kwetu. Baba yangu mzazi, ambaye hahesabu kwamba amekula kama hajagusa ugali wa uwele na mlenda, alipokionja mara ya kwanza alishukuru kwa adabu, kisha akauliza chakula kitaletwa saa ngapi.

Namna ya kukipika ni hii, maana najua kuna watakaouliza. Kwa watu saba tunatumia nusu kilo ya nyama ya kusaga na pakiti moja na nusu ya makaroni, yaani gramu 750. Tafuta vitunguu maji viwili, nyanya sita zilizoiva, karoti mbili, hoho moja, kitunguu saumu, bizari kidogo na chumvi. Anza na nyama peke yake, kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Ivunjevunje kwa mwiko mpaka maji yake yakauke na ianze kuwa ya kahawia. Usiharakishe hapo, kwa sababu nusu kilo hiyo ndiyo itakayobeba ladha ya sufuria nzima. Tia vitunguu, halafu saumu na bizari, halafu karoti, hoho na nyanya. Nyanya zikishapondeka, mimina maji ya moto, lita moja na nusu hadi mbili, tia chumvi, na yakichemka weka makaroni makavu humo humo. Punguza moto, funika, na kila baada ya dakika mbili tatu geuza mpaka chini, maana wanga hushuka na kushika sufuria. Baada ya dakika 12 hadi 15 onja. Epua wakati bado kuna rojo, kiache kimefunikwa dakika tano, nayo makaroni yatamalizia kunywa mchuzi.

Wanaochemsha makaroni peke yake huyachuja na kumwaga maji yale. Katika sufuria moja hakuna kinachomwagwa. Wanga unaotoka kwenye makaroni ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito, nao mchuzi huo ndio unaoishikiza nyama kwenye makaroni. Ukichota kijiko popote, unachota kila kitu.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hilo dogo lilikuwa kubwa nyumbani kwetu.

Miaka michache iliyopita dada yangu alilala katika Bwana, na watoto wake wawili wakaja kuishi nasi. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mdogo wake wa kiume miaka saba. Pamoja na watoto wetu watatu tukawa saba. Kabla ya kufika kwetu walikuwa wamekaa kwa muda katika nyumba nyingine, na huko binti alijifunza kwamba nyama ina wenyewe.

Kwetu alipewa kipande kama wenzake. Kila mara alikihamishia kwenye sahani ya mdogo wake. Mke wangu akimwongezea kingine alisema, "Asante mama, nimeshiba," huku ugali wake ukiwa haujafika nusu. Tulimwambia kwamba yeye ni mtoto wa nyumba hii. Tulimwombea. Nilimsomea Wagalatia sura ya nne, juu ya sisi kufanywa kuwa wana wa Mungu, na urithi unaotokana na kuwa mwana. Alisikiliza kwa heshima, akaitikia amina, na kesho yake kipande kikahama tena.

Mke wangu ndiye aliyeelewa. Mtoto yule alikuwa anahesabu. Alijua vipande vilivyomo sufuriani ni vingapi, na alikuwa amejiweka mwenyewe mwisho wa hesabu ili, ikitokea upungufu, asije akakosa mdogo wake. Maneno yetu yalikuwa mazuri, lakini kila jioni sufuria yenyewe ilimpa nafasi ya kuhesabu upya.

Jumamosi moja jioni mke wangu akapika makaroni yale. Tulishukuru, tukaanza kula. Binti akawa anachambua sahani yake kwa kijiko, huku na huku. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, sasa nyama ya mdogo wangu nitaitoa vipi?"

Nikamwambia, "Haitoki, mwanangu. Imo kila mahali. Na kwake imo hivyo hivyo."

Akatazama sahani ya mdogo wake kwa muda. Akaona ni kweli. Akala mpaka akamaliza, na usiku ule hakusema kwamba ameshiba.

Siwezi kusema makaroni yalimponya. Aliendelea kwa miezi kuomba ruhusa kabla ya kunywa maji, na kuosha vyombo kabla hajatumwa. Msiba wa mama hauishi kwa sahani moja. Lakini chakula kile tulikipika karibu kila wiki, na kila kilipopikwa palikuwa na saa moja ambayo hakuwa na kazi ya kuhesabu. Kisha siku moja, nikiwa chumbani naandaa mahubiri, nikasikia ugomvi jikoni. Ilikuwa juu ya ukoko, yale makaroni yaliyokauka chini ya sufuria, ambayo watoto huyapenda kuliko yote. Sauti ya binti ilikuwa juu: "Juzi umekula wewe! Leo ni zamu yangu!" Nikainuka niende kuamua. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akaniashiria nisiingie. Alikuwa na machozi, naye alikuwa anacheka. Mgeni hagombanii ukoko. Anayegombania ukoko ameshajua kwamba yuko kwao.

Ndugu zangu, Mtume Paulo alikutana na hesabu ya namna hii katika usharika wa Korintho. Tunasoma habari hiyo katika Waraka wa Kwanza, sura ya kumi na moja. Walikuwa wanakusanyika kwa ajili ya Chakula cha Bwana, lakini wengine walitangulia kula walivyokuja navyo, mpaka mmoja akawa amelewa na mwenzake bado ana njaa. Korintho ya siku zile ilikuwa mji wa Kirumi, na kwa Warumi kugawa chakula kwa daraja halikuwa jambo la ajabu. Mwandishi wao mmoja, Pliny Mdogo, aliyezaliwa katika karne ya kwanza, alimwandikia rafiki yake juu ya karamu aliyoalikwa. Mwenye nyumba alikuwa na divai za aina tatu: moja yake na wakubwa wenzake, nyingine ya marafiki wa chini, na ya tatu ya watu waliowahi kuwa watumwa. Pliny hakupendezwa. Alisema kwake wageni wote hupewa sawa. Alipoulizwa kama hiyo si gharama kubwa, alijibu kwamba hao waliokuwa watumwa hawanywi divai yake, bali yeye ndiye anayekunywa ya kwao.

Pliny hakuwa Mkristo, lakini katika jambo hilo aliwashinda Wakorintho. Paulo aliwaambia wazi kwamba walichokuwa wakila si Chakula cha Bwana, kwa kuwa walikuwa wanawaaibisha wasio na kitu. Na dawa aliyowapa ni ya jikoni kabisa: mnapokutanika kula, ngojaneni.

Tunapopiga magoti mbele ya Meza ya Bwana, tunafanya jambo ambalo katika nyumba zetu ni gumu. Kipande cha mkate ni kile kile kwa mwenye gari na kwa aliyekuja kwa miguu. Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, anatutaka tuyaamini yale maneno yanayosema kwamba mwili na damu vimetolewa kwa ajili yetu. Naamini yako maelfu ya watu wanaoyasikia maneno hayo kila Jumapili kama binti yetu alivyomsikia mjomba wake akisoma Wagalatia. Wanaitikia amina, kisha wanarudi kwenye hesabu ambayo wao ndio wa mwisho. Hawamkatalii Mungu. Wanangoja kuona kama sahani itasema kama maneno yalivyosema.

Basi tuitazame siku ya sherehe usharikani, iwe mavuno au kuzindua jengo. Kuna hema la wageni rasmi, lenye viti vyenye vitambaa, kuku mzima na maji ya chupa. Kuna foleni ya washarika, wenye pilau. Na nyuma ya jengo, karibu na moto, wako akina mama waliopika tangu usiku, wengi wao wajane, ambao watakula kilichobaki kama kitabaki. Asubuhi yake wote hao walipokea mkate mmoja.

Najua mtu atasema kwamba heshima kwa mgeni na kwa mzee ni desturi yetu, tena ni desturi njema. Nakubali. Mimi mwenyewe sitakaa kabla baba yangu hajakaa, wala sitamwacha askofu wangu asimame kwenye foleni juani. Biblia nayo inatuagiza tuheshimiane. Lakini heshima ina kipimo chake: je, inampandisha mmoja bila kumwaibisha mwingine? Mzee akitangulizwa kunawa mikono, hakuna aliyepungukiwa. Mjane akinyimwa nyama aliyoipika mwenyewe, amepungukiwa, na watoto wake wanaona na kujifunza hesabu.

Sidai kwamba kila sherehe ipikwe makaroni, maana baba yangu atahama usharika. Naomba jambo moja tu. Sherehe ijayo, kabla ya sala ya chakula, wazee wa kanisa waende nyuma ya jengo, wawaite akina mama wafunike moto na waje wakae pamoja nasi, sahani zao zikiwa zimepakuliwa kama za wengine. Tutachelewa kula kwa dakika kumi hivi. Tungojane.