Oli Chafu

Veranda yetu ya Kianjokoma ilikuwa nyeusi tangu nipate akili. Si nyeusi ya rangi, ni ya oli chafu, ile inayomwagwa matatu ikifanyiwa sevisi. Pande hizi za majani chai, nyumba nyingi za mbao hupakwa hiyo. Inazuia mchwa na haina bei. Baba aliipaka kila Disemba, mpaka Disemba yake ya mwisho.

Wageni wa ruracio ya dada yangu walikuwa waje Aprili, na mamangu alitaka mbao zing'olewe tuweke sementi. Nikamwomba wiki moja. Februari nikachukua likizo, nikapanda kutoka Embu mjini na mashine ya msasa ya kukodisha.

Wacha nikwambie, oli haikubali msasa hivi hivi. Joto la mashine linailainisha, karatasi ya namba 40 inaziba kwa dakika chache, halafu unabaki unateleza tu. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimemaliza karatasi kumi kwa ubao mmoja. Fundi mmoja wa sokoni ndiye aliniokoa: kwangua kwanza, osha kwa maji moto na magadi, sugua na brashi ya waya, acha ikauke siku mbili ndiyo uguse mashine. Na ufunge pua, akasema, vumbi la oli si la kuvuta. (Ingekuwa Julai, na manyunyu yetu, ningekuwa bado nangoja zikauke.)

Siku ya nne nikaufikia mti wenyewe. Hudhurungi ya dhahabu, nyuzi zimeshikana vizuri. Nikashusha barakoa nipumue, na harufu ikanipiga: kali, tamu kidogo, kama dawa ya kuchua kifua. Kafuri. Hii ilikuwa muthaiti, mti wa asili wa huko juu msituni.

Nilifurahi kama dakika mbili hivi. Kisha nikakumbuka kwamba muthaiti mchwa hawausumbui. Sasa oli ilikuwa ya nini?

"Maitu, hizi mbao zilitoka wapi?"

"Msituni. Kwani mbao hutoka wapi?"

Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho. Nikarudi kazini, na ni baada ya muda ndipo akasema, kama anaongea na sinia: "Zilikuja usiku. Kwa mabega. Babako alizipaka oli kabla kupambazuke, zisionekane, zisinuke. Zile zingine ndizo zilikuwa karo ya kakako."

Nyumba yetu ilijengwa 1997. Mwaka huo huo UNESCO iliuweka Mlima Kenya kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Miaka miwili baadaye KWS ikarusha ndege juu ya msitu na kuhesabu maelfu ya miti hiyo ikiwa imekatwa. Na mimi ndiye yule wa kupanda miche Karura Jumamosi, wa kuposti picha ya Wangari Maathai kila Septemba 25. Huwa nina maneno makali sana kwa watu waliomaliza msitu. Sikuwahi kufikiria wana veranda, wala kwamba mmoja wao alinifundisha kushika nyundo.

Nilikaa chini na ile karatasi mkononi. Kuzing'oa? Kuzipaka oli tena? Mamangu akanitazama sasa. "Maliza kazi," akasema. "Wageni wanakuja."

Nikaweka namba 80, kisha 120. Jioni harufu ilikuwa imeshafika barabarani. Jirani anayetoka kupeleka majani kituoni akasimama kwenye geti, kikapu mgongoni, akavuta pumzi.

"Mama, ni mbao gani hiyo inanukia hivyo?"

"Mukima," mamangu akajibu kabla sijafungua mdomo.

Mukima haunuki kitu. Jirani akatazama veranda, akanitazama mimi, akacheka polepole, kisha akaweka kikapu chini akaingia kunywa chai.