Wiki ya Jua na Kivuli cha Mwamvuli

Mwamvuli wangu niliununua siku ya tatu baada ya kuwasili Glasgow, mwezi Septemba, na kwa miezi minane haukupata kukauka sawasawa. Ilipofika wiki ya mwisho ya Mei mawingu yakafunguka, jua likawaka siku saba mfululizo, nami nikaendelea kuubeba kwa mazoea tu, kama mzee abebavyo bakora yake. Wenyeji wa mji ule hulipokea jua kama sisi tunavyoipokea Idi. Bustani ya Kelvingrove, iliyo karibu na chuo, ilijaa watu waliojilaza kwenye nyasi, wengi wakiwa wamevua mengi kuliko waliyobakiza mwilini, nami nikajifunza kupita njia ya kando ya mto huku macho yangu yakitazama maji.

Mitihani ya shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji ilikuwa imekwisha. Ilibaki tasnifu, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Tanga nilikuwa na wiki nzima isiyodaiwa na mtu. Wenzangu darasani walipanga matembezi, nikayakubali yote. Lakini kabla ya kuyasimulia yanipasa nieleze jambo ambalo hadi wiki ile sikuwa nimemwambia yeyote.

Aliyekulia pwani yetu hana haja ya kuuliza swala imefika wapi. Saa zetu zenyewe zimefuata jua: ikikaribia saa kumi na mbili jioni jua linashuka, muadhini anajiandaa, na kati ya mwezi na mwezi mabadiliko ni machache. Glasgow hesabu hiyo huvunjika. Mwezi Desemba jua huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi kasorobo, tena siku nyingi halionekani kabisa kwa wingu. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hubanana ndani ya muda wa saa tatu na nusu, na muda huo ndio uliokuwa wa mihadhara na maabara. Chuo kina chumba cha kuswalia, sitaki kukisingizia. Ila palikuwa na mwendo wa dakika kumi, na mvua, na ngazi, na nyuso za watu zinazogeuka ukiinuka katikati ya kipindi. Nikaanza kujiambia, "Nitaswali nikifika." Nikifika chumbani nikawa ninaziswali zote kwa pamoja usiku. Baadaye zikawa deni la kulipa kesho. Kisha zikaja siku ambazo sikulipa.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mingi amesomesha watoto Qur'an barazani kwetu Ngamiani. Aliuza kiwanja chake ili nipate nauli na fedha za kuanzia maisha. Kila Ijumaa alinipigia simu, na kila Ijumaa aliuliza, "Swala, mwanangu?" Nami nilijibu, "Alhamdulillah, baba." Jibu hilo nililichagua kwa hila, maana mwenye kulisema anaweza kujidanganya kwamba hakusema uongo.

Nirudi kwenye jua. Jumanne tulipanda treni hadi Wemyss Bay, na kutoka hapo feri ya takriban dakika 35 hadi Rothesay, katika kisiwa cha Bute. Harufu ya mwani uliopigwa na jua ilinirudisha Raskazone kwa ghafla hata nikajificha nyuma ya miwani. Samaki wa kukaanga, ambaye ndiye kila mtu alimfuata kule, nilimwacha baada ya kuuliza na kuambiwa kuwa mafuta yake ni ya ng'ombe. Nikala chapati zangu ukutani mbele ya bahari, na nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka mwaka mzima. Adhuhuri ikanipita. Haikunipita kwa baridi wala kwa mhadhara. Ilinipita jua likiwa juu ya kichwa changu, mikono yangu ikiwa mitupu, sina pa kukimbilia wala wa kunizuia. Hadi siku ile nilikuwa nimelilaumu giza.

Jumatano ilikuwa ziara ya darasa, Loch Katrine. Ziwa hilo liko kaskazini mwa Glasgow baina ya vilima, na kwa watu wa fani yetu ni pahala pa heshima. Katika karne ya 19 kipindupindu kilirudi Glasgow mara kwa mara na kuua watu kwa maelfu, kwa kuwa mji ulikunywa maji ya mto na visima vilivyochafuliwa. Mhandisi John Frederic Bateman akachimba mahandaki na mifereji ya urefu wa takriban kilomita 41, na mwaka 1859 Malkia Victoria akaifungua kazi hiyo. Maji hushuka kwa mteremko tu, bila pampu, na hadi leo mji huyanywa. Mhadhiri wetu alisimulia haya kwa sauti ya mtu anayewataja wazee wake.

Nilipiga picha nyingi mno. Kabla ya saa sita mchana simu yangu ikazimika, nayo ndiyo iliyokuwa muadhini wangu na dira yangu ya Qibla. Wenzangu walikuwa na saa mikononi, lakini saa ya mkononi haisemi kama jua limekwisha kupinduka. Nikasimama ufukweni na mwamvuli wangu, nikakumbuka mpini wa ufagio.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi. Baba alisimika mpini wa ufagio uani akatuambia tuutazame. Kivuli hufupika, hufupika, kisha huanza kurefuka tena. Hapo jua limepinduka na Adhuhuri imeingia. Kikirefuka hadi kuwa sawa na urefu wa mti wenyewe, juu ya kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kati, hapo ni Alasiri. Ilikuwa mwanzoni mwa Machi, wakati ambapo kwetu jua la mchana husimama karibu wima juu ya utosi, na mti haukuwa na kivuli cha kutajika. Nikauliza kwa nini tuongeze kitu ambacho hakipo. Baba akasema, "Ziko nchi ambazo kipo."

Nikauchomeka mwamvuli kwenye udongo laini palipo tambarare, umefungwa, umesimama wima. Mwenzangu mmoja wa Chile akanishikia futi ya kupimia. Juu ya ardhi ulikuwa sentimita 80. Tukaweka vijiwe kwenye ncha ya kivuli, kimoja baada ya kingine, na kivuli kifupi kuliko vyote kikawa sentimita 56. Saa yake ilisema saa saba na robo. Kivuli hicho kifupi kilielekea kaskazini sawasawa, kwa hiyo na Qibla ikapatikana: kwetu Tanga tunaelekea kaskazini, huku ni kusini-mashariki. Nilikipa kivuli mgongo nikageukia kushoto.

Udhu nilitia kwa maji ya chupa, mbali kidogo na ziwa, kwani sikuona vyema kuingiza miguu katika maji ambayo mji mzima unayanywa. Katikati ya kuosha mkono nikatanabahi kuwa chupa ile niliijaza asubuhi bombani kwangu. Maji yalishuka kutoka ziwa lile hadi Glasgow, nami nikayarudisha kwa basi.

Basi lilikuwa liondoke saa kumi na mbili jioni. Wenzangu walitembea kando ya ziwa, nami nikawa ninarudi kila mara kwenye mwamvuli. Hesabu ilikuwa wazi: 80 na 56 ni 136. Kweli ningeweza kuswali Alasiri nyumbani, kwa kuwa mwezi ule Magharibi huingia kule saa nne kasorobo usiku, na wakati ulikuwa tele. Hapakuwa na dharura yoyote. Lakini "nikifika" ndilo neno lililoniangusha tangu Desemba, na sikutaka kulisema tena mbele ya mwamvuli ule. Saa kumi na moja na dakika arobaini kivuli kikagusa kijiwe cha mwisho. Mhadhiri wetu, ambaye sijapata kumsikia akitaja dini yoyote, alikuwa amechuchumaa pale akitazama. Aliuliza kwa nini kile kivuli cha mchana huongezwa, nikamweleza. Akaniuliza nani hupima hivi siku hizi, nikakosa jibu, nikamtajia Ibn al-Shatir, mtunza nyakati wa Msikiti wa Bani Umayya wa Damascus, aliyetengeneza saa ya jua kwa ajili ya msikiti huo mwaka 1371. Kisha nikaswali, na dereva akasubiri. Usiku nililinganisha na ratiba ya msikiti: tofauti haikufika dakika tano.

Alhamisi tulikwenda Edinburgh. Pale ngomeni mzinga hupigwa saa saba kamili mchana, tangu mwaka 1861, isipokuwa Jumapili na siku chache za sikukuu zao. Ulianzishwa ili mabaharia warekebishe saa zao. Watalii waliruka kwa mshindo, wakacheka, wakatazama saa. Nilisubiri dakika nyingine kumi hivi ili jua lipinduke.

Ijumaa, baada ya swala katika Msikiti Mkuu wa Glasgow, simu ya baba ilinikuta nimekaa kando ya mto Clyde.

"Swala, mwanangu?"

"Baba, ile alhamdulillah yangu ya kila Ijumaa haikuwa kamili."

Nikamweleza tangu Desemba hadi Jumanne ya Bute. Hakunikatiza. Nilisikia pikipiki zikipita barabarani kwetu, na mtoto mmoja akikariri sura fupi, akikosea, akianza upya bila kusahihishwa.

"Umezihesabu?" akauliza baba.

"Ninaendelea kuzihesabu."

"Ziandike. Kila Adhuhuri lipa na Adhuhuri moja ya nyuma." Akanyamaza tena. Kiwanja hakukitaja, na hajakitaja hadi leo. Kisha akasema, "Hicho kivuli cha mchana, kilikuwa na urefu gani?"

"Sentimita 56."

"Kwa mti wa urefu gani?"

"80."

"Aa! Hapa hata mwezi Juni hakifiki huko."

Kesho yake alasiri nikapata picha, imepigwa na mdogo wangu. Mpini wa ufagio umesimama uani, watoto wa baraza wameuzunguka, mmoja ameshika futi ya fundi cherehani. Chini yake baba alikuwa ameandika: "Tumesimika sentimita 80 kama wewe. Kivuli 40, kimeelekea kusini. Chako kilielekea wapi?"